Sindano ya Kabureta

Wiki iliyopita jirani yetu alileta watu wa kuangusha mkaratusi uliokuwa umeinamia paa lake. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Walipowasha msumeno wao wa mashine, moshi ukaingia dirishani, moshi wa petroli iliyochanganywa na oili, mzito, wenye utamu fulani unaokaa kooni. Wa rika langu mnaijua harufu hiyo, maana tulikua wakati pikipiki nyingi zilikuwa bado zinakunywa mchanganyiko. Nikaweka kisu chini nikakaa kwenye kigoda. Mume wangu aliponiuliza kama naumwa nilimjibu kwamba siumwi, nimemkumbuka Baba. Nikaishia hapo. Sehemu iliyobaki sijapata kumsimulia mtu ambaye hakuwepo.

Tuliishi Miburani, mwendo mfupi kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia, katika nyumba ya kupanga yenye ua wa makuti. Hatukuwa wenyeji. Wazazi wangu walitoka Tukuyu. Mama aliletwa kisiwani na ualimu, na Baba akapata kazi ya ufundi kwenye hifadhi ya bahari ilipokuwa bado changa, maboya yakiwekwa Ghuba ya Chole na wavuvi wakibishana kila siku ni wapi wavue na wapi wasivue. Kazi yake ilikuwa injini za boti za doria. Hata wale walioichukia hifadhi walimletea injini zao nyumbani jioni, na alizitengeneza bila kuuliza zinakwenda kuvua wapi. Kwa hiyo kila mtu alimwita Fundi, na mimi nilijiona binti wa mtu mkubwa.

Nilikuwa na miaka tisa mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Mwanzoni kilikuwa kidole gumba na cha shahada tu, vikisuguana polepole kama vinabiringisha punje ya mchele. Alisema ni baridi. Mafia hakuna baridi. Kisha chai ikaanza kumwagika kwenye sahani ya kikombe, kisha mezani, kisha Mama akaanza kumjazia kikombe nusu. Daktari wa Kilindoni alimwandikia barua ya kwenda Dar es Salaam, na Baba alirudi na vidonge vyeupe na jina la ugonjwa ambalo nyumbani kwetu lilitajwa kwa sauti ya chini. Ofisini wakamhamishia stoo kwa upole, awe anatoa kamba na majaketi ya kuokolea. Aliwashukuru. Siku hiyo alikaa na viatu miguuni mpaka tulipomaliza kula.

Hakuna aliyenieleza chochote, kwa hiyo nilimwendea Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wetu, aliyeishi upande wa pili wa ua. Nilimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, mkono wa Baba una nini?"

Hakuinua hata uso. "Mashine hizo. Mtu kashika mashine miaka kumi na tano, zamtetemesha asubuhi mpaka jioni. Wallahi, ule mtetemo umemwingia mwilini, hautoki tena."

Alisema tu, kama watu wanavyosema wakiwa na kazi mkononi. Mimi nililipokea neno lake kama jibu la mtihani. Isitoshe, nilikuwa na ushahidi. Siku moja Baba aliniruhusu nishike mkono wa injini ya boti kutoka Utende mpaka Chole, na tuliposhuka viganja vyangu viliwashawasha kwa ndani kwa muda mrefu, kana kwamba injini ilikuwa bado inanguruma humo. Mtetemo wangu ulitoka kwa sababu ulikuwa kidogo. Wa Baba ulikuwa umejaa.

Kisha ikaja pikipiki. Mzee Fida, aliyekuwa na duka la spea na vifaa vya ujenzi pale Kilindoni, alikuwa anasafisha stoo yake, na nyuma ya mabati akaikuta pikipiki iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyekuja zamani kuchunguza matumbawe, akapanda ndege kwenda kwao na asirudi. Aliileta kwetu kwa mkokoteni.

"Ichukue, Fundi," alisema. "Kwangu inazaa panya tu."

Sijawahi kuona pikipiki kama ile. Ilikuwa nyembamba kama mbuzi aliyekosa majani, usukani mpana, matairi yenye meno makubwa, tenki dogo la kuchekesha, na pale ambapo kiti kilipaswa kuwa palikuwa patupu. Kutu ilikuwa imekula nusu yake. Baba aliizunguka mara mbili, kisha akapiga magoti mchangani kuitazama kwa chini, na nikamwona akitabasamu mpaka meno yakaonekana. Sikuwa nimeyaona miezi mingi.

"Baba, mbona haina kiti?"

"Hii haikaliwi. Mtu anasimama. Huko kwao wanashindana kupanda nayo mawe na magogo, na anayeweka mguu chini anapoteza pointi." Alipitisha kiganja kwenye fremu, kiganja kikitetemeka. "Haikuundwa kukimbia, Bupe. Imeundwa isianguke."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Alisikia, akarudi ndani.

Wakati huo Mama alikuwa amehamishiwa shule ya Ndagoni, na ile njia ilikuwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi, matope na mizizi ya minazi wakati wa mvua. Mara mbili bodaboda ilikuwa imemwangusha na madaftari ya wanafunzi. Jioni hiyo tukiwa tunakula Baba alisema, "Mama Bupe, nitaifufua ile mashine, nitaiwekea kiti, na nitakuwa nakupeleka kazini mwenyewe."

"Tutaona, Baba Bupe," Mama alijibu, akamwongezea mboga.

Ndipo ua wetu ukageuka karakana. Baada ya kidonge cha asubuhi palikuwa na muda, labda saa moja, ambapo mkono wake ulitulia karibu kabisa, na Jumamosi saa hiyo ilikuwa yetu wawili. Alifungua kila nati na kunifundisha jina la kila kitu: pistoni, ringi, klachi, sproketi. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka kucha zangu zikawa nyekundu. Alirefusha fremu nyuma kwa kuchomelea vyuma vya kitanda, akabadilisha sproketi ili iwe na nguvu ya kuvuta mchangani, akashusha vikanyagio ili Mama aweze kuvifikia akiwa na gauni. Kiti alikiunda kwa ubao, akakijaza nyuzi za makumbi ya nazi zilizochambuliwa na Bi Mwanaisha, na kukivika turubai. Akanikalisha juu yake kukijaribu. "Mama yako atakaa kama yuko sebuleni," alisema.

Sidhani kama niliwahi kuwa na furaha kama ile, na sidhani kama niliwahi kuogopa namna ile. Kila boliti iliyokazwa ilisogeza karibu siku ambayo injini ingewaka na kummiminia Baba mtetemo mwingine, yeye ambaye alikuwa ameshajaa. Nilimwambia mara moja, "Baba, tuiache tu iwe ya kutazama." Alicheka. "Pikipiki ya kutazama ni ya nini?"

Kilichochelewesha kilikuwa kabureta. Ndani yake kulikuwa na sindano nyembamba ya shaba, ndefu kama kidole, inayopanda na kushuka kugawa petroli, na ya kwetu ilikuwa imeliwa. Mzee Fida aliagiza Dar es Salaam mara tatu, zikaja tatu, hakuna iliyoingia. Basi Baba akaamua kuichonga. Alipata kijiti cha shaba, akakibana kwenye drili ya kuzungusha kwa mkono. Mimi nilizungusha, yeye akaegemeza tupa, baadaye msasa, akiondoa chembe baada ya chembe. Alifunga kiwiko chake kwenye mguu wa meza kwa khanga ya Mama ili mkono usiruke. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ikawa nyembamba kupita kiasi, akaitupa. Ya tatu ilituchukua masika nzima, saa moja kila Jumamosi, mvua ikipiga makuti juu yetu.

Ilipokamilika aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, kisha akaiweka kiganjani mwangu. "Hii, binti yangu, hata kiwandani wangeipokea." Halafu akasema, si kwangu, kwa nafsi yake tu: "Nyingine sitaweza tena."

Nililisikia neno hilo vizuri. Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi, na nilijua nilichokuwa nimeshika.

Akaiviringisha kwenye kitambaa cheupe, akaitia kwenye kopo la dawa na kuliweka rafuni. Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, angeifunga na kuiwasha. Bi Mwanaisha aliambiwa, majirani waliambiwa, Mzee Fida akaahidi kuja.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, mchana, Baba na Mama walikwenda mazoezi ya kwaya. Nilipanda kigoda, nikafungua kopo, nikatoa sindano na kukiacha kitambaa. Nikaenda nayo chooni, choo chetu cha shimo nyuma ya migomba, nikaiachia. Sikusikia hata ikifika chini. Nilisali pale pale, nimesimama, nikimwomba Mungu sasa amalizie kazi, autoe mtetemo uliokwisha kuingia. Sikujiona mwizi. Nilijiona kama daktari.

Kesho yake watu walikuja kweli. Baba alikuwa bado na shati lake la kanisani. Alishusha kopo, akakifungua kitambaa mbele ya watu, na hakikuwa na kitu. Akakikunja. Akakifungua tena. Akatazama ndani ya kopo, akalipindua, akapapasa mifuko yake yote, akashusha kila kitu rafuni.

"Nimeiweka hapa," alisema. "Nimeiweka hapa."

Tulitafuta mpaka alasiri. Baba alichekecha mchanga wa ua mzima kwa chekeche la Mama la unga, akiwa amepiga magoti, shati jeupe limeloa jasho, mkono ukitetemeka hata mchanga ukajichekecha wenyewe. Nilitafuta pamoja naye. Niliinama chini ya meza na kuinua magunia kama mtu anayetafuta kweli.

Mzee Fida ndiye aliyemwinua. "Fundi," alisema kwa huruma, "labda uliiweka pengine ukasahau. Sote tunazeeka."

Baba aliweka chekeche chini. Akakaa kwenye kile kiti cha makumbi. "Labda," alisema.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nangojea mkono wake utulie. Jumatatu asubuhi nilikaa mbele yake kwenye chai nikitazama kikombe. Kilitetemeka. Nikajiambia ugonjwa wa miaka hauondoki kwa siku moja. Nilitazama Jumanne, nilitazama Ijumaa. Wiki ya pili mkono wa kushoto nao ukaanza.

Siku moja Mama alinichukua twende naye hospitali Kilindoni kumchukulia Baba vidonge. Kwenye benchi alikaa bibi mmoja wa shamba, mdogo wa umbo, amejifunika ushungi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unabiringisha punje ya mchele isiyokuwepo. Nilishindwa kujizuia.

"Shikamoo, Bibi. Wewe ulikuwa fundi wa injini?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, mjukuu wangu. Injini ntaijuliapi mie? Mie jembe tu, toka nizaliwe."

Sikumbuki tulitokaje pale. Nakumbuka tulikuwa njiani, jua limesimama juu, nikaanza kulia na kumwambia Mama kila kitu: Bi Mwanaisha, mtetemo, kopo, choo. Mama alisimama. Alitazama nyuma na mbele, kisha akanishika bega.

"Umemwambia mtu?"

"Hapana."

Nilikaza mwili kungojea kofi. Mama alikaa kwenye gogo la mnazi kando ya njia na mfuko wa vidonge mapajani, akafunika uso. Alipoondoa mikono alikuwa amezeeka.

"Usimwambie," alisema.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu akijua haipatikani tena ataacha kuitafuta, atajaribu kuchonga nyingine. Na akiimaliza, ataipanda. Na akiipanda, Bupe..." Hakumaliza. Alinifuta kamasi kwa ncha ya khanga yake, tukaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo tukawa wawili tunaojua. Kile ambacho hatukukijua ni mahali ambapo Baba alikuwa ameshafika peke yake. Daktari wa Dar es Salaam alikuwa amemwambia kwamba kwa watu wengine ugonjwa ule hauishii mikononi, hupanda ukachukua kumbukumbu. Hakuwa ametuambia. Alikuwa anangojea dalili, na sasa alikuwa ameipata, mbele ya majirani.

Alinipa daftari la kurasa arobaini. "Wewe ni mwandishi wangu," alisema akijaribu kufanya mzaha. "Kila ninachokiweka, andika nimekiweka wapi. Jioni uniulize."

Nikawa namwuliza, tumekaa barazani kabla ya jua kuzama.

"Spana ya kumi na mbili?"

"Juu ya pipa, upande wa ukuta."

"Miwani?"

"Ndani ya Biblia, kwenye Warumi."

"Barua ya Baba Mdogo?"

"Chini ya redio."

Alipata yote, kila siku, hata vitu ambavyo mimi mwenyewe nisingevikumbuka bila kuvisoma. Niliweka alama ya vema nyekundu kama Mama alivyoweka kwenye madaftari ya wanafunzi, nikimwonyesha ukurasa, na kila mara alitikisa kichwa. "Haya ni mepesi. Lakini ile siku ilinipotea nzima, Bupe. Kwamba niliitoa kwenye kopo, kwamba niliipeleka mahali, sina hata kivuli chake."

Kisha akaanza kuachia vitu kimoja kimoja. Alimpa Mama funguo za nyumba. Akaacha kusoma neno kanisani, akisema atapotea katikati ya mstari. Siku moja akaandika barua ya kuacha kazi ya stoo, kwa kuogopa kwamba boti ingetoka doria bila jaketi moja kwa sababu yake na mtu akafa maji. Waliomba afikirie tena. Alikataa. Mama alimwambia, "Baba Bupe, kila mtu hupoteza vitu." Akamjibu, "Si kitu kile." Nikamtazama Mama, na Mama akatazama sufuria. Kila siku nilidhani atasema yeye, na nadhani yeye alidhani hivyo kuhusu mimi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo neno lilivyozidi kuwa kubwa mpaka halikuweza kupita mlangoni.

Ikaamuliwa turudi Tukuyu kwa ndugu zake, ili atakapokuwa hajijui awe kwa watu wanaomjua. Mama aliomba uhamisho. Mkokoteni wa Mzee Fida ulikuja kuichukua pikipiki, ikiwa imesuguliwa na kupakwa rangi, na kile kiti chake ambacho Mama hakuwahi kukikalia. Baba aliisindikiza mpaka kwenye kona, mkono mmoja juu ya tenki.

Siku moja kabla ya safari, mchana, vyombo vikiwa vimeshafungwa, aliniita barazani. "Leta daftari. Fungua ukurasa wa mwisho. Andika ninachokuambia, ili siku ikifika unisomee." Nikashika kalamu. Akasema taratibu, akiningojea nimalize kila neno. "Jina langu ni Lusajo. Nilikuwa fundi. Mke wangu ni mwalimu, anaitwa Tabu. Nina mtoto mmoja, msichana. Anaitwa Bupe."

Niliandika mpaka kwenye jina langu. Mkono haukuliandika.

"Baba," nilisema, "hukusahau. Ile sindano niliitupa mimi. Chooni."

Mama alikuwa ametokea mlangoni, upindo wa khanga mdomoni. Baba hakumwona. Alikuwa ananitazama mimi, na sikuweza kujua uso ule unataka kufanya nini.

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye kopo."

"Kwenye kopo la dawa? Rafuni?"

"Ndiyo, Baba."

"Ilikuwa kwenye kitambaa?"

"Kwenye kitambaa cheupe. Pale pale ulipoiweka."

Hakuniuliza kwa nini. Hakuniuliza siku ile, wala katika miaka tisa aliyoishi baada yake, miaka ambayo mwili ulimkatalia kitu kimoja baada ya kingine na akili yake ikabaki nzima ikitazama. Alifumba macho akashusha pumzi, pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo njiani bila kujua kama ataweza kuunyanyua tena.

"Sema tena," alisema.

"Ilikuwa pale pale ulipoiweka, Baba."

"Sema tena, mwanangu."

Nikasema. Machozi yalikuwa yanamshuka, na aliinua mkono mara mbili kuyafuta, na mara zote mbili mkono haukufika.